Ruhusa ya Seva na Ridhaa ya Msemaji: Usimamizi wa Hifadhi ya Pamoja ya Rekodi za Kiswahili cha Mwambao wa Burundi

Ikisiri
Makala haya yanafafanua jinsi seva zinavyoruhusiwa kufikia hifadhi ya pamoja ya mtandao. Hoja yake ni kwamba fomu ya ridhaa haimlindi msemaji iwapo mpangilio wa ruhusa katika hifadhi hauifuati.

1. Utangulizi
Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, Kiswahili husikika sana katika uvuvi na biashara. Tuchukue mfano wa mtafiti anayerekodi mazungumzo ya wavuvi na wanunuzi wa ndagala huko Kabonga. Mvuvi anaweza kukubali msamiati wake uingizwe katika kamusi, lakini asikubali sauti yake isikike hadharani, hasa anapotaja madeni au safari za kuvuka ziwa. Rekodi hizo zikiwekwa katika hifadhi inayotumiwa na seva ya unukuzi, ya kopasi na ya tovuti, ni nani atakayezisikia?

2. Jinsi ruhusa inavyofanya kazi
Hifadhi ya pamoja hugawanywa katika sehemu, na kila sehemu huwa na orodha ya seva zinazoruhusiwa. Katika itifaki ya NFS, iliyobuniwa na Sun Microsystems katika miaka ya 1980, orodha hiyo hutaja anwani za seva na kubainisha kama kila moja inasoma tu au inaandika pia. Kwa utaratibu wake wa kawaida, hifadhi huamini namba ya mtumiaji inayotumwa na seva, wala haimthibitishi mtumiaji mwenyewe. Hivyo, mwenye mamlaka ya msimamizi katika seva iliyoruhusiwa anaweza kujifanya mtumiaji mwingine na kufungua faili zake. Kuongeza uthibitisho wa Kerberos hupunguza hatari hiyo.

Katika itifaki ya iSCSI, seva hupewa sehemu kana kwamba ni diski yake. Seva mbili zikiandika humo kwa wakati mmoja bila mfumo wa faili uliobuniwa kwa matumizi ya pamoja, data huharibika.

3. Kutoka ridhaa hadi ruhusa
Kosa la msingi ni kuweka kila kitu katika sehemu moja na kuufungulia mtandao wote wa taasisi. Mtandao wa CLARIN wa Ulaya huainisha rasilimali za lugha katika makundi matatu: za umma, za wanataaluma na zenye masharti maalumu. Kwa mfano wetu, sauti ghafi ifikiwe na seva ya unukuzi pekee. Manukuu yaliyoondolewa majina yasomwe na seva ya kopasi. Na orodha ya msamiati isomwe na seva ya tovuti. Mvuvi akibatilisha ridhaa, kuiondoa seva katika orodha hakutoshi, kwa kuwa nakala rudufu hubaki.

4. Hitimisho
Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Rekodi ya Kabonga inaweza kuhifadhiwa katika nchi yoyote kati ya hizo. Tunapendekeza kila mkataba wa utafiti uambatishe jedwali linalotaja sehemu ya hifadhi, seva inayoruhusiwa, kiwango cha ruhusa, tarehe ya kukoma kwake na mahali zilipo nakala rudufu.