Dawa ya Kifafa na Siku 28 za Mwanzo wa Mimba

Mara nyingi mwanamke mwenye kifafa hufika kliniki ya wajawazito mimba ikiwa na miezi minne au mitano, ndipo anapouliza: je, aendelee kumeza dawa zake? Swali ni la msingi, ila limechelewa.

Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama utando bapa unaojikunja na kuwa mrija. Mrija huo hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito. Usipofunga, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi.

Miongoni mwa dawa za kifafa zinazotumika sana, sodiamu valproeti ndiyo inayohofiwa zaidi. Kati ya watoto 100 ambao mama zao waliitumia wakati wa ujauzito, takriban 10 huzaliwa na kasoro za maumbile. Kwa watoto wengine ni 2 au 3. Aidha, 30 hadi 40 huweza kuchelewa kutembea, kuzungumza au kujifunza, na baadhi hupata usonji. Madhara haya hayaonekani siku ya kuzaliwa. Hujitokeza mtoto anapokua. Kadiri dozi inavyokuwa kubwa, ndivyo hatari inavyoongezeka.

Hata hivyo, mama asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Kuacha ghafla huweza kusababisha mishtuko ya mfululizo inayohatarisha uhai wake na wa mtoto. Awahi kumwona daktari huku akiendelea na dawa.

Shirika la Afya Duniani halipendekezi valproeti kwa wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Lamotrijini na levetirasetamu zina usalama zaidi kwa mtoto, lakini kubadili dawa huhitaji muda na uangalizi, hivyo kufanyike kabla ya mimba. Vidonge vya asidi ya foliki navyo vianzwe mapema, kwa kiwango atakachoelekeza daktari.

Kwa hiyo, mahali pa mazungumzo haya ni kliniki ya kifafa. Kila msichana anapokuja kuchukua dawa zake, mhudumu amuulize kwa faragha na kwa staha: je, unatarajia kupata mtoto? Na mgonjwa asiyeulizwa asisite kulianzisha jambo hilo mwenyewe.