BAWASIRI: MARADHI YANAYOFICHWA KWA HAYA

Ndugu Waislamu, wake kwa waume, yako maradhi ambayo mtu akiyapata huyasimulia barazani, kama homa na mafua. Na yako ambayo hata mkewe wa ndani hajui. Bawasiri ni katika hayo ya pili. Haya ni tabia njema, na ni katika imani. Walakini haya ikimzuia mtu kuuliza jambo la afya yake au la ibada yake, hiyo si haya tena bali ni kujidhuru. Wazee walinena: mficha maradhi kilio humfichua.

Tumtazame Imran bin Huseyn, Sahaba wa Mtume (S.A.W.). Imamu Bukhari ametupokelea kwamba Sahaba huyo alikuwa na bawasiri, naye hakuona aibu kumwendea Mtume kumwuliza khabari ya Sala yake. Akajibiwa kuwa asali kwa kusimama, asipoweza, aketi, na asipoweza, alale kwa ubavu. Basi hukumu hii, ambayo wagonjwa wa Kiislamu wanaitegemea hata leo, imetufikia kwa njia ya swali la mtu mwenye bawasiri. Sisi ni nani hata tukaone aibu?

Wako tena wanaomdhania mgonjwa wa bawasiri kuwa ametenda uovu. Dhana hiyo ni dhambi, na ndiyo inayowafanya watu kunyamaza. Maradhi haya huwapata wachamungu, huwapata wazee, na huwapata mama zetu wenye mimba kwa wingi.

*Asili yake*

Mwenyezi Mungu ameweka mwisho wa utumbo mkubwa mishipa ya damu iliyo laini kama vijito, ili isaidie kuifunga njia ya haja kubwa. Kila mtu anayo. Mishipa hiyo ikisongwa mara kwa mara huvimba na kulegea, na huko kuvimba ndiko kunakoitwa bawasiri. Ya ndani mara nyingi haiumi; dalili yake ni damu nyekundu mbichi baada ya choo, na pengine kinyama hutokeza kisha kikarudi. Ya nje huwasha, na damu ikiganda ndani yake hutokea ghafla kinundu chenye maumivu makali.

Sababu iliyo kubwa ni kufunga choo na kujikamua. Mtu hula wali mweupe, sembe iliyokobolewa na mkate mweupe, mboga hazionji, na maji hunywa kidogo. Choo kikawa kigumu kama jiwe. Sababu nyingine ni mimba, kubeba mizigo mizito, kuharisha kwa muda mrefu, na kukaa chooni mno. Vijana wa siku hizi huingia chooni na simu, wakatoka baada ya nusu saa! Choo si baraza.

*Chakula na mwenendo*

Dawa ya kwanza imo jikoni. Mtu mzima yampasa apate kama gramu 25 hata 30 za makapi ya chakula, yaani nyuzinyuzi, kila siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu 10 na zaidi. Basi na tule maharage, kunde, choroko na mbaazi. Mchicha, kisamvu na bamia. Ugali wa dona na uji wa mtama. Mapapai, machungwa, maembe na tende. Haya yaongezwe kidogo kidogo, kwani yakizidishwa kwa siku moja hujaza tumbo upepo. Pamoja nayo, maji ya kutosha, kama bilauri 8 kwa siku, ila kwa mgonjwa wa figo au wa moyo aliyekatazwa na daktari wake.

Haja ikija usiizuie. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kusali hali anazuia haja, na katika katazo hilo mna faida ya mwili pia, maana choo kikizuiwa hukauka. Usijikamue, wala usikae chooni zaidi ya dakika 5 hivi. Mwenye choo cha kukalia aweke kibao chini ya miguu ili magoti yainuke. Na kila siku tutembee kwa miguu, japo ni kwenda msikitini na kurudi.

*Matibabu ya nyumbani*

Tia maji ya uvuguvugu katika beseni, ukae ndani yake dakika 10 hata 15, mara 2 au 3 kwa siku. Hayahitaji kutiwa kitu. Stanji kwa maji bila ya sabuni kali, kisha jikaushe taratibu kwa kitambaa laini. Na tujihadhari sana na wanaopaka dawa za kuunguza au kukata vinyama kwa wembe: wako waliotoka huko na donda na usaha, na njia ikasinyaa.

*Sala na Saumu*

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, damu itokayo katika tupu ya nyuma hutengua udhu. Ambaye damu yake haikatiki hujisafisha, akajifunga, akatawadha baada ya wakati kuingia kwa kila Sala ya faradhi, akasali wala asiiache. Katika Ramadhani, dawa ya kuingizwa kwa nyuma hubatilisha Saumu, basi na itiwe usiku; na maji yanywewe kwa wingi baina ya futari na daku.

*Lini kwenda hospitali*

Hapa ndugu msomaji zingatia sana. Si kila damu ni bawasiri. Kichocho cha tumbo, kuhara damu, na saratani ya utumbo mkubwa, zote hutoa damu. Mtu akidhani ni bawasiri tu akaficha miaka miwili, huenda akafika kwa daktari wakati umepita. Basi damu ya mara ya kwanza na ichunguzwe, khasa kwa aliyepita miaka 40. Na asikawie aonaye choo cheusi kama lami, au damu iliyochanganyika na choo, au kukonda, au kizunguzungu, au homa, au choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa. Kinundu cha ghafla chenye maumivu kionwe ndani ya siku 3. Na bawasiri isiyopata nafuu kwa juma moja la matibabu ya nyumbani, nayo ipelekwe. Daktari ana njia nyingi, kama kuifunga kwa kipira kidogo mpaka ikadondoka, wala si kila mgonjwa hupasuliwa.

Enyi wazazi, waambieni watoto wenu mambo haya bila ya kuona haya. Na enyi vijana, waulizeni wazee wenu hali zao kwa upole, kwani huenda yuko anayeumia kimya kimya nyumbani mwenu. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie afya ya kumwabudia. Amin.