Nusu kaputi: nani anakulaza?

Mgonjwa akipasuliwa Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Sokoine, Lindi, mmoja anapasua. Mwingine anampa dawa ya usingizi, yaani nusu kaputi, na kulinda pumzi yake.

Daktari bingwa wa usingizi husoma udaktari miaka 5, kisha mwaka 1 wa mazoezi. Halafu husomea usingizi miaka 3, kwa mfano Muhimbili. Hujifunza kazini, akisimamiwa: kupima dawa, kupitisha mpira wa hewa kooni, kuangalia mapigo ya moyo. Mabingwa ni wachache, hivyo wauguzi nao hufundishwa kazi hii.

Na wewe ndugu, una kazi yako. Ukiambiwa usile, usile. Kama umekula, hata uji, sema! Ukilala, chakula kinaweza kupanda kooni, kikaingia mapafuni, ukafa.