Je, Wajua? Bingwa Aliyemlea Bingwa

Ng'ambo ya Uganda ukitokea hapa Mulekera ndiyo Kenya, kwao mwanariadha Paul Ereng. Alianza na mita 400. Mwaka 1988, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, ndipo alipohamia mita 800. Mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Seoul, kijana huyu alikaa nyuma, akasubiri, kisha akawapita wote kwenye mnyoosho wa mwisho: dakika 1, sekunde 43.45. Nyuma yake walikuwa Joaquim Cruz wa Brazili, bingwa wa 1984, na Said Aouita wa Moroko. Mwaka mmoja tu katika mbio hizo, tayari dhahabu ya Olimpiki!

Lakini mimi navutiwa zaidi na kazi yake ya pili, isiyopigiwa makofi. Ereng alikuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso. Huko alimnoa Mkenya mwenzake, Emmanuel Korir, aliyeshinda ubingwa wa vyuo wa mita 800 mwaka 2017. Tarehe 4 Agosti 2021, jijini Tokyo, Korir alitwaa dhahabu ya Olimpiki: mita zilezile 800 za mwalimu wake, miaka 33 baadaye.