Mche wa Nazi au wa Mchikichi: Franka Zako Ziende Wapi?

Mvua za Septemba hazimsubiri mtu. Kama una feza kidogo na unataka kupanda, amua sasa.

Mche wa nazi wa kupanda hapa mjini usiununue, hata ukipunguziwa bei. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi hii itakuachia majani bila nazi. Mwenye shamba Uvira, karibu mita 800, ndiye mwenye haki ya kujiuliza.

Naye ahesabu miaka. Mnazi mrefu huanza kuzaa mwaka wa sita au wa saba. Ule mfupi huwahi, lakini ukame unautesa. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa minazi mwaka 1979, watafiti wa kituo cha Mikocheni wakajaribu aina chotara za kigeni. Mnazi mrefu wa pwani ndio uliostahimili ukame vizuri zaidi. Kwa hiyo chotara ya bei kubwa isikutie tamaa. Panda minazi miwili mitatu uani, ya dafu la watoto.

Feza ya biashara iende kwenye mchikichi. Aina iitwayo tenera huzaa mwaka wa tatu au wa nne, na mawese yana mnunuzi kila mtaa. Siri ya tenera ilifumbuliwa hapahapa Congo, kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi: watafiti Beirnaert na Vanderweyen waliiandika mwaka 1941. Tenera ni mtoto wa dura, ambayo kokwa yake ina ganda nene, na pisifera, isiyo na ganda hilo.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Mbegu halali ya tenera hutoka kwa mama dura, basi ganda lake ni nene. Ukiletewa mbegu ya ganda jembamba, iliyozungukwa na nyuzi nyeusi, ukaambiwa "ni tenera safi", ujue imeokotwa chini ya tenera ya mtu. Tenera ikichavushwa na tenera, robo ya watoto huwa pisifera, ambazo kwa kawaida hazikomazi matunda. Hekta moja huchukua miche 143. Kama 36 hivi itakula mbolea na palizi bure, nawe utagundua baada ya miaka mitatu. Hiyo rahisi ndiyo ghali.

Usisahau usafiri. Mche wa sashe ni mzito kwa udongo wake, na gharama ya kuuteremsha mlima wa Ngomo hadi Uvira inaweza kuzidi bei uliyoulipia. Mingine huvunjika njiani. Mbegu zilizochipuka hubebwa kwenye kikapu kimoja, ila zinataka karibu mwaka mzima kitaluni na maji kila siku. Kama una mtu wa kumwagilia Uvira, chukua mbegu. Kama huna, nunua miche hukohuko Uvira, hata michache.

Na muuzaji akishindwa kukuonyesha karatasi ya mbegu ilikotoka, mwachie miche yake.