Kutafuta Sili Iliyo Sawa kwa Injini ya Zamani

Mjomba wangu ana Land Rover ya mwaka 1966, ambayo kila asubuhi huchukua madebe ya maziwa kutoka kwa wafugaji walio mbali na barabara kuu, upande wa Mbarara. Gari hilo ndilo linalolipa ada za watoto wake. Mimi, kwa kuwa nilisoma fizikia hapa shuleni kwetu, nilijiona mjuzi wa injini, na kwa kujiona huko nikamtia mjomba hasara. Naeleza habari hii kwa sababu najua wengi kati yenu, wanafunzi na wazee wa shule, mnayo magari ya namna hiyo nyumbani.

Sili ni pete ya mpira yenye ganda la chuma. Huwekwa mahali ambapo shafti inayozunguka inatokea nje ya injini, ili oili isiifuate. Ukiitazama kwa karibu utaona mdomo mwembamba, na mgongoni mwa mdomo kuna springi ndogo ya mviringo inayoubana juu ya shafti. Upande wenye springi hutazama oili siku zote. Sili nyingine zina mdomo wa pili usio na springi, na huo ni wa kuzuia vumbi tu. Kwa barabara zetu si kitu cha kudharau.

Injini ya mjomba ni ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, iliyoanza kutiwa katika Land Rover mwaka 1958. Krenki yake ina sili mbili kubwa, moja mbele nyuma ya puli, na nyingine nyuma karibu na flaiwili. Ilianza kuvuja ile ya mbele. Nikaitoa, nikaenda nayo dukani. Muuzaji aliishika mkononi, akaitazama mara moja, akanipa nyingine akisema, "Hii itaingia." Nami nilipoona imeingia, nikafurahi.

Siku ya tatu mjomba alikuwa njiani na madebe kumi, taa ya oili ikawaka. Kwa bahati alisimama pale pale, la sivyo beringi zingekwisha. Lakini jua lilikuwa kali, na maziwa yote yakaharibika kabla hajapata oili. Jioni aliniita akaniambia, "Mpwa wangu, shuleni hawakukufundisha kupima?"

Kweli, kupima ndiko nilikokuacha. Sili ile ilikuwa ya milimita, na injini ile ilitengenezwa Uingereza kwa vipimo vya inchi. Angalia tarakimu zilizopigwa juu ya sili. Ikiandikwa 45 62 8, maana yake ni shafti ya milimita 45, nyumba ya sili milimita 62, na unene milimita 8. Lakini ikiandikwa 175 225 37, hizo ni inchi: shafti inchi 1 na robo tatu, nyumba inchi 2 na robo, na unene kama inchi tatu ya nane. Sasa piga hesabu. Inchi 1 na robo tatu ni milimita 44.45. Ukivisha sili ya 45 juu ya shafti hiyo, macho hayataona kosa, lakini zaidi ya nusu milimita ya mbano imekwisha kupotea, na mdomo wa sili hauna mbano mkubwa wa kupoteza.

Tena usipime mdomo wa sili ya zamani. Mdomo wa sili mpya hufanywa mdogo kuliko shafti ili ubane, na wa zamani umekwisha kupanuka na kukauka, kwa hiyo wote wawili watakudanganya. Pima shafti yenyewe kwa vernia, na tundu ambamo sili hukaa. Katika injini hii sili ya mbele hubana juu ya shingo ya puli. Safari ya pili niliifunga puli yenyewe kwa kitambaa nikaenda nayo dukani, na muuzaji hakuwa na la kubishana.

Pitisha ukucha juu ya shingo hiyo. Ukikwama katika mfereji, ujue sili ya zamani imekula chuma, na sili mpya haitafaa kitu hata ikiwa na kipimo sawasawa. Kuna pete nyembamba za chuma, zisizofika unene wa nusu milimita, ambazo huvishwa juu ya mfereji. Hizo hazikulazimishi kubadili kipimo cha sili. Wengine huisukuma sili ndani kidogo zaidi ili mdomo uguse mahali pazima. Nayo ni njia, ikiwa nafasi ipo.

Jambo jingine lililonishangaza ni mistari. Sili nyingine zina mistari ya mshazari chini ya mdomo, ambayo huirudisha oili ndani shafti inapozunguka. Krenki ya injini nyingi, ukiitazama kutoka mbele, huzunguka kama mishale ya saa. Ukiitazama kutoka nyuma huzunguka kinyume. Basi sili mbili zenye kipimo kimoja zaweza kuwa si sawa, na ukiweka ya kinyume itavuta oili nje badala ya ndani. Tafuta mshale mdogo uliopigwa juu yake.

Mpira nao si wa aina moja. Nitrili ya kawaida hustahimili joto la kadiri ya nyuzi 100, na Viton, iliyoletwa sokoni mwaka 1957, hufika nyuzi 200. Injini za kale zaidi hazikuwa na mpira kabisa, bali kamba au ngozi iliyolowekwa katika oili.

Usitegemee mwaka wa gari. Magari haya yamebadilishwa injini mara nyingi, na mwaka 1980 injini hii yenyewe iliongezwa beringi za krenki kutoka tatu hadi tano. Soma namba iliyopigwa kwenye mwili wa injini, ndiyo uende nayo dukani.

Baadaye sili ya nyuma pia ilishukiwa. Hiyo ni kazi ya siku nzima au mbili, maana giaboksi, klachi na flaiwili hutoka zote, kwa hiyo safari hii sikufanya haraka. Chini ya nyumba ya flaiwili kuna tundu dogo la kutolea oili. Nilikinga tone lake juu ya karatasi nyeupe. Oili ya injini ni nyeusi. Ya giaboksi ina rangi ya asali na hunuka kama kiberiti. Ilikuwa nyeusi. Hata hivyo nikasafisha kwanza kifuniko cha kumiminia oili, ambacho injini hupumulia, kwa sababu kikiziba, hewa ya ndani huisukuma oili hata kupita sili nzima. Kilikuwa kimejaa matope.

Uvujaji ukapungua lakini haukuisha, basi tukafungua. Sili ya nyuma ya injini hii yenye beringi tatu imekatwa mahali pamoja ili ivishwe juu ya krenki, na springi yake huja mbali, ikiwa na ndoano ya kuunganisha. Tuliangalia ndoano isikae juu ya mpasuo, tukapaka mdomo mafuta, tukafunga.

Tangu hapo mwezi wa nne huu. Lakini mjomba bado, kila asubuhi, huinama kwanza kutazama chini ya gari ndipo aitikie salamu yangu.