Mahali katika Katuni za Vita: PA, KU na MU kama Nyenzo za Uchambuzi

1.0 Utangulizi

Aghalabu katuni za vita huchambuliwa kwa kutazama watu waliochorwa ndani yake: kiongozi aliyerefushwa pua, adui aliyegeuzwa mnyama, askari aliyepanuliwa kifua. Mahali wanapoonekana watu hao huchukuliwa kuwa pambo la nyuma tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa katika katuni ya vita mahali ni sehemu ya hoja yenyewe. Mchora ramani hubanwa na vipimo; hana budi kuonyesha mahali palipo na umbali wake na pengine. Mchora katuni habanwi na sharti hilo. Huchagua kipande kimoja cha dunia, na kwa uchaguzi huo huamua nani ahesabiwe kuwa yumo vitani na nani asihesabiwe.

Kiswahili kina nyenzo mwafaka ya kuchambulia jambo hili. Kama ijulikanavyo, upatanisho wa mahali katika lugha hii hutumia viambishi vitatu: PA- kwa mahali mahususi panapobainika, KU- kwa upande au eneo lisilo na mipaka bayana, na MU- kwa undani. Anayesema "nyumbani pana watu", "nyumbani kuna watu" na "nyumbani mna watu" hazungumzii nyumba tatu. Nyumba ni moja. Kinachobadilika ni namna msemaji anavyopatazama mahali hapo. Mgawanyo huu unatumika hapa kuchambulia katuni za Uingereza zilizotokana na vita vitatu: vita vya Napoleon, Vita vya Kwanza vya Dunia na Vita vya Pili vya Dunia.

2.0 KU: Dunia Sahanini

Tarehe 26 Februari 1805 ilichapishwa London katuni ya James Gillray iitwayo "The Plumb-pudding in Danger". William Pitt, Waziri Mkuu wa Uingereza, na Napoleon, aliyekuwa amejitawaza kuwa Kaisari wa Wafaransa mwezi Desemba 1804, wameketi mezani wakikabiliana. Baina yao ipo sahani yenye tufe la dunia, lililopikwa mithili ya pudini ya sikukuu. Pitt anajikatia bahari. Napoleon anajikatia Ulaya.

Kwa mintarafu ya mizani ya nguvu, Gillray aliona mbali. Kabla ya mwaka huo kumalizika, Waingereza walikuwa wameshinda baharini Trafalgar, tarehe 21 Oktoba, na Napoleon alikuwa ameshinda nchi kavu Austerlitz, tarehe 2 Desemba. Hata hivyo, mahali katika katuni hii ni pa aina ya KU. Dunia inatazamwa kutoka nje yake na hakuna mtu aliyesimama juu yake. Waitalia, Wahispania na Waswisi wamo chini ya kisu, lakini hawaonekani, kwa sababu nchi iliyogeuzwa mlo haina wenyeji. Ina walaji tu. Gillray anawadhihaki walafi hao wawili, na dhihaka yake ni kali. Lakini ili dhihaka hiyo ieleweke, msomaji naye hulazimika kuketi mezani na kuitazama dunia kwa macho ya walafi hao. Mlo hauulizwi unataka kuliwa na nani.

3.0 MU: Shimoni

Bruce Bairnsfather, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyepigana Ubelgiji, alipata umaarufu kwa katuni iliyotoka katika jarida la The Bystander mwaka 1915, inayojulikana kwa jina la "The Better 'Ole". Askari wawili wamejibana katika shimo lililofukuliwa na kombora. Ni usiku, na mabomu yanapasuka pande zote. Mmoja anamwambia mwenziwe kwa kero kwamba kama anajua shimo jingine lililo bora, basi na aende huko.

Hapa msomaji hayuko mbali tena, yumo. Uwanja wa vita uliotanda kwa takribani kilomita 700, kutoka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi, umekunjwa ukawa shimo la kuwatosha watu wawili. Hapana mji, mto wala mpaka. Kukosekana kwa alama hizo ndiko kulikoipa katuni hii nguvu, kwani askari wa sehemu yoyote ya uwanja huo aliweza kujiona mle. Lakini faida hiyo ina gharama yake. Kwa kuwa shimo halina jina, nchi iliyochimbwa nayo imepoteza jina. Shamba la mtu limekuwa shimo, na mwenye shamba hayumo.

Fauka ya hayo, taswira ya shimo ilipokubalika kuwa ndiyo sura ya vita hivyo, iliwaacha nje wale ambao vita vyao havikuwa vya mashimoni. Kati ya 1914 na 1918 Afrika Mashariki nayo ilikuwa uwanja wa vita, na mzigo mkubwa uliwaangukia wapagazi waliobeba chakula na risasi kwa vichwa vyao, wengi wakifa kwa maradhi na njaa. Mahali pao palikuwa njiani, na njia haimo katika picha ya shimo. Kumbukumbu yao imebaki katika majina: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao.

4.0 PA: Mwambani

Tarehe 18 Juni 1940, siku moja baada ya serikali ya Ufaransa kutangaza kuwa inaomba kusimamisha vita, gazeti la Evening Standard lilichapisha katuni ya David Low iitwayo "Very Well, Alone", yaani "Haya, na Tuwe Peke Yetu". Askari wa Kiingereza amesimama juu ya mwamba unaopigwa na mawimbi, amekunja ngumi kuelekea anga lenye ndege za adui. Mahali hapa ni PA kwa ukamilifu wake: ni papo hapo, si pengine. Mwamba ni Uingereza nzima, na juu yake pana mtu mmoja tu.

Katuni hii iliwapa moyo Waingereza katika saa ngumu, na thamani yake haiwezi kubezwa. Lakini neno "peke yetu" linahitaji kupimwa. Low mwenyewe alizaliwa New Zealand, nchi iliyokuwa vitani tangu Septemba 1939. Aidha, Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, mpaka wa Kenya na Ethiopia, iliyokuwa mikononi mwa Waitalia, uligeuka uwanja wa mapambano. Mwezi Julai askari Waafrika wa King's African Rifles walikuwa wakipigana Moyale. Mwambani hawakuwapo.

Yaweza kusemwa kuwa katuni ni fupi kwa maumbile yake, na haiwezi kubeba kila kitu. Hoja hii ina ukweli, lakini haitoshelezi. Mwezi huohuo wa Julai 1940, Fougasse alichapisha katika jarida la Punch katuni ya askari wawili wakizungumza. Mmoja anasikitika kwamba himaya yao imebaki peke yake duniani. Wa pili anakubali, kisha anaongeza kuwa wako watu milioni mia tano. Ufinyu wa nafasi, basi, si kisingizio. Hata hivyo, wengi wa milioni hizo walikuwa Wahindi, na India iliingizwa vitani mwaka 1939 kwa tangazo la mtawala wa Kiingereza bila viongozi wa Kihindi kushauriwa. Low hakuwahesabu watu wa makoloni. Fougasse aliwahesabu, lakini kama idadi. Hawana sura, na hawana mahali.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umebainisha kuwa KU huifanya nchi kuwa kitu cha kugawanywa, MU huifanya kuwa hifadhi ya waliomo tu, na PA huifanya kuwa ya yule aliyesimama juu yake. Njia zote tatu huweza kutumika kwa nia njema, na zote huficha watu. Kwa hiyo, mchambuzi wa katuni ya vita asiishie kuuliza ni nani aliyechorwa na kwa nini amechorwa hivyo. Aulize pia: mahali hapa panatazamwa kutoka wapi? Na mwenyeji wa mahali hapa yuko wapi?